Babe au Charlotte's Web? Filamu nne za wanyama wa shambani za kutazama na watoto

Mtoto aliyekulia kwetu, awe wa Moshi, Bungoma au Pemba, anajua kuku wa bandani huishia wapi. Pengine ameshatumwa amkimbize uani, kisha amshike miguu wakati wa kuchinja. Pengine alimzoea mbuzi aliyefungwa chini ya mwembe, akampa na jina, halafu sikukuu ikafika. Ndiyo maana ukimwekea filamu ya wanyama wa shambani wanaoongea, hachelewi kuuliza: "Watamchinja?"

Ninapoombwa ushauri wa filamu ya kutazamwa na familia nzima, huanzia kwenye swali hilo. Zipo filamu nyingi za shambani zinazojifanya kisu hakipo, na watoto huzicheka mara moja wakazisahau. Hizi nne ninazozilinganisha zinajua kwamba hatari ipo, kila moja kwa namna yake: Babe ya mwaka 1995, Charlotte's Web ya mwaka 2006, Chicken Run ya mwaka 2000 na Shaun the Sheep Movie ya mwaka 2015. Kila moja huchukua takriban saa moja na nusu. Zinapoachana ni hapa: nani anayemwokoa mnyama, na anamwokoa kwa njia gani. Ukilijua hilo, na ukamjua mtoto wako, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Nikilazimishwa kuchagua moja tu, nachagua Babe. Lakini haifai kila nyumba, na sababu zake nitazitaja.

Babe: nguruwe aliyebisha hodi

Hadithi ya Babe imetoka katika kitabu cha Mwingereza Dick King-Smith, The Sheep-Pig, kilichochapishwa mwaka 1983. Mwandishi huyo alilima na kufuga kwa miaka mingi kabla ya kuandikia watoto, na unauona uzoefu huo katika kila ukurasa. Filamu yenyewe ni ya Australia. Ilipigwa picha Robertson, mji mdogo katika jimbo la New South Wales, ikaongozwa na Chris Noonan. George Miller, ambaye watu wazima wanamfahamu kwa filamu za mapigano za Mad Max, aliishiriki kama mwandishi na mtayarishaji.

Babe ni mwananguruwe aliyepotezana na mama yake katika banda la kiwanda. Anapelekwa kwenye gulio, mfugaji mmoja mkimya aitwaye Arthur Hoggett anakisia uzito wake sawasawa na kumpata kama zawadi, na mke wa Hoggett anaanza kupanga mlo wa Krismasi. Pale shambani kila mnyama ana kazi yake na nafasi yake. Mbwa wanachunga kondoo na wanaruhusiwa kuingia ndani ya nyumba, paka anakaa karibu na moto, jogoo anawika. Bata Ferdinand amegundua kwamba wanyama wasio na kazi ndio wanaoliwa, kwa hiyo anajaribu kuwika kama jogoo, na mke wa mfugaji anaponunua saa ya kengele, bata huyo anaiona saa hiyo kama hukumu yake. Watoto hucheka sana hapo. Mtu mzima anacheka pia, lakini anaelewa Ferdinand anaogopa nini.

Babe analelewa na mbwa jike, Fly, ambaye watoto wake mwenyewe wanauzwa mmoja baada ya mwingine. Siku wanapokwisha kuondoka, mwananguruwe anamuuliza kama anaweza kumwita mama. Ni kipande kifupi, hakina muziki wa kulazimisha machozi, na ndiyo sababu kinagusa.

Kisha inakuja sehemu iliyoniteka mimi. Mbwa wanaamini kondoo ni wajinga, hawaelewi ila kung'atwa na kutishwa. Kondoo nao wanaamini mbwa ni mbwamwitu. Babe anapoambiwa ajaribu kuchunga, anaanza kwa kubweka na kuuma kama alivyofundishwa, na kondoo wanamshangaa. Halafu anawaomba radhi, anawaomba kwa adabu wapange mstari watoke, nao wanatoka. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi za Sungura amezoea mnyonge anayeshinda kwa ujanja na ulaghai. Hapa anamwona mnyonge anayeshinda kwa kubisha hodi na kusubiri kukaribishwa. Sijaona filamu nyingine ya watoto inayoonyesha heshima ikifanya kazi wazi namna hii, bila mtu kuhubiri.

Mazito yapo. Siku ya Krismasi bata mmoja anachinjwa badala ya Babe, na wanyama wenzake wanachungulia dirishani. Kondoo mzee Maa, rafiki wa Babe, anauawa na mbwa wa porini, na Hoggett anadhani Babe ndiye muuaji. Anachukua bunduki. Watoto wadogo hujificha nyuma ya mto kwa dakika hizo, na afadhali uwe karibu. Baadaye paka anamwambia Babe ukweli kuhusu nguruwe wanafugiwa nini. Babe anakimbilia mvuani, anaugua, anakataa kula. Hapo mfugaji ambaye tangu mwanzo hajazidisha neno anamweka mapajani, anamwimbia, kisha anasimama na kumchezea ngoma sebuleni. James Cromwell, aliyemwigiza Hoggett, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa uigizaji huo, na ukikiona kipande hicho utaelewa kwa nini.

Filamu iliteuliwa kuwania tuzo saba za Oscar, ikiwamo ya filamu bora ya mwaka, jambo ambalo ni nadra sana kwa filamu yenye nguruwe kama shujaa. Ilishinda moja, ya madoido ya picha, mbele ya Apollo 13. Walitumia wanyama halisi pamoja na vinyago vya mitambo, midomo ikachezeshwa kwa kompyuta. Na kwa kuwa nguruwe hukua upesi, walihitaji wananguruwe 48 ili Babe aendelee kuwa na ukubwa uleule. Leo, miaka thelathini baadaye, bado huoni mahali pa kunyooshea kidole na kusema hapa wamedanganya.

Charlotte's Web: kuokolewa na rafiki

Hii nayo ina nguruwe, nayo imetoka kitabuni, kile cha Mmarekani E. B. White cha mwaka 1952. Ukitazama haraka utadhani ni hadithi ileile. Sivyo, na tofauti yake ndiyo ya kupimia.

Wilbur ni mdogo kuliko wenzake wote waliozaliwa naye, na asubuhi ya kwanza baba wa familia anashika shoka. Binti yake, Fern, anayeigizwa na Dakota Fanning, anamzuia. Wilbur anapona, anakua, anahamishiwa ghala la mjomba, na huko anapata habari kwamba nguruwe waliozaliwa majira ya kuchipua hawaioni theluji, yaani huchinjwa kabla ya majira ya baridi. Buibui aliye mlangoni, Charlotte, mwenye sauti ya Julia Roberts, anaahidi kumwokoa. Anafuma maneno ya sifa ndani ya utando wake, watu wanakuja kutoka kila upande kushangaa, na nguruwe anakuwa maarufu kiasi kwamba hakuna anayethubutu kumchinja.

Sasa weka hadithi mbili kando kwa kando. Babe anapona kwa sababu ya alichofanya. Alijifunza kazi, akaifanya kwa tabia yake mwenyewe, akaheshimiwa. Wilbur hakufanya chochote. Hana kipaji, ni mwoga, analia upesi, na anapojaribu kujisifu mwenyewe anaona haya. Anapona kwa sababu mtu mmoja aliamua kuwa rafiki yake. Kuna watoto wanaohitaji kusikia hadithi ya kwanza, yaani wale wanaoambiwa na wenzao kwamba jambo fulani si lao, kwa sababu ni wasichana, au ni wageni mtaani, au wametoka shule nyingine. Na kuna watoto wanaohitaji ya pili, hasa yule anayerudi na ripoti ya shule mbaya mwaka baada ya mwaka na ameanza kuamini kwamba hana thamani. Huyo ukimwekea Babe anaweza kuona shujaa mwingine tu anayefanikiwa. Mwekee Wilbur.

Lakini jitayarishe. Charlotte anakufa. Hafi kwa ajali wala kwa adui: anafuma mfuko wa mayai 514, nguvu zinamwishia, anabaki peke yake kwenye uwanja wa maonyesho huku Wilbur akirudishwa nyumbani. Filamu haimfufui. Watoto wake wanaanguliwa, wengi wanapeperuka na upepo siku ileile, watatu wanabaki. Nimewaona watoto wakinyamaza baada ya hapo, kisha wakaanza kuuliza kuhusu babu au bibi aliyefariki. Kama nyumba yenu imetoka msibani, filamu hii inaweza kuwafungulia mazungumzo ambayo watu wazima wameshindwa kuyaanza. Inaweza pia kuwa nzito mno ikiwa msiba bado ni mbichi. Wewe ndiye unayemjua mwanao.

Kwa utengenezaji, naiweka chini ya Babe. Sauti zimejaa watu mashuhuri, Oprah Winfrey ni bata bukini, Robert Redford ni farasi, John Cleese ni kondoo, na mara nyingine unaikumbuka sura ya mwigizaji kuliko kumfuata mnyama. Kunguru wawili wamewekwa kwa ajili ya kuchekesha na mimi ningewapunguza. Panya Templeton, kwa sauti ya Steve Buscemi, ndiye anayeichangamsha: mchoyo, mlafi, hafanyi jambo bila malipo, lakini bila yeye Charlotte asingepata maneno ya kufuma. Ipo pia katuni ya mwaka 1973 ya hadithi hiyohiyo, yenye nyimbo nyingi, ambayo watoto wa miaka mitano huipokea kwa urahisi zaidi kwa kuwa ni michoro.

Kuku na kondoo wa udongo

Chicken Run na Shaun zimetoka katika studio moja, Aardman ya Bristol, Uingereza, na zimetengenezwa kwa njia moja: vinyago vinasogezwa kidogo, vinapigwa picha, vinasogezwa tena. Kazi ya siku nzima huweza kutoa sekunde chache tu za filamu. Mtoto anayependa kufinyanga udongo au kuunda magari ya waya ataduwaa akielezwa hilo, na huenda kesho yake ukamkuta na simu yako akipiga picha ya kijiti kimoja mara mia.

Chicken Run, ya Peter Lord na Nick Park, ni ya kuku wa mayai kwenye shamba la Yorkshire miaka ya 1950. Shamba limejengwa kama kambi ya wafungwa, na waongozaji walikusudia ifanane na The Great Escape, filamu maarufu ya wafungwa wa vita ya mwaka 1963. Kuku asiyetaga anapelekwa kwenye shoka, na tunaliona hilo mapema kwa kuku aitwaye Edwina. Baadaye mwenye shamba, Bi. Tweedy, ananunua mashine ya kuwageuza wote kuwa mikate ya nyama. Ginger, kuku kiongozi, angeweza kutoroka peke yake tangu siku ya kwanza. Kila mara anakamatwa kwa sababu anataka watoke wote. Hapo ndipo jibu lake linapotofautiana na yale mawili ya mwanzo: hawaokolewi na bwana mwema wala rafiki mwenye akili, wanaokoana. Mtoto wa miaka tisa kwenda juu anayetaka mbio, mitambo na vicheko ataipenda kuliko zote hapa. Kwa mtoto wa miaka minne, Bi. Tweedy anatisha kweli, na kivuli cha shoka ukutani kinatosha kumkosesha usingizi.

Shaun the Sheep Movie, ya Mark Burton na Richard Starzak, ndiyo nyepesi zaidi, na kwa nyumba nyingi za Waswahili ndiyo ya kuanzia. Sababu ni moja kubwa: hakuna anayezungumza neno. Wanyama wanalia kama wanyama, watu wananguruma na kunung'unika, na kila kitu unakielewa kwa macho. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Filamu tatu nilizotaja juu zimejaa Kiingereza cha haraka, na ucheshi wake mwingi umo ndani ya maneno. Tanzania tumezoea filamu za nje zilizotafsiriwa na madijei, Kenya wana akina DJ Afro, na wengi wetu tumecheka sana kwenye vibanda vya video kwa maelezo yao. Lakini tafsiri za aina hiyo hupatikana zaidi kwa filamu za mapigano kuliko za watoto. Kwa hiyo ukitaka bibi, mtoto wa chekechea na binamu aliyetoka kijijini wacheke kwa wakati mmoja, bila mtu kuachwa nyuma akiuliza "wamesemaje?", Shaun haina mpinzani.

Kisa chenyewe: kondoo wamechoshwa na ratiba ya kila siku, wanamlaza mfugaji usingizi kwa kuruka uzio mmoja mmoja ili awahesabu, na gari alimolala linateleza hadi mjini. Huko anapigwa kichwani, anasahau kila kitu, na kwa kuwa mikono yake inakumbuka kunyoa kondoo, anakuwa kinyozi maarufu. Kondoo wanamfuata mjini wakiwa wamevaa nguo za watu. Mara hii wanyama ndio wanaomwokoa bwana wao. Shaun anapompata, mfugaji hamtambui, anamfukuza, na hapo hata mtu mzima hukabwa na koo. Kitisho kipo kwa mkamata wanyama anayewaandama hadi shambani, lakini hakuna anayekufa.

Kuhusu nguruwe

Jambo hili ni halisi kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, kwa hiyo niliseme wazi. Babe na Wilbur ni nguruwe, wako kwenye picha mwanzo hadi mwisho, wanakumbatiwa na kubebwa. Katika nyumba za Kiislamu, Unguja, Lamu, Mombasa au Muscat, wapo wazazi wanaoona kwamba kutazama hadithi ni jambo tofauti na kula au kugusa, na wapo wasiotaka kabisa picha hizo sebuleni. Wote wana haki ya kuamua, na mgeni hapaswi kumwekea mtoto wa mwenzake filamu hizi bila kuuliza. Kwenye Shaun nguruwe wapo, lakini ni majirani wakorofi wanaopita kwa muda mfupi. Chicken Run imejengwa juu ya kuku, na maadui wakubwa ni binadamu. Mzazi anayetaka somo la heshima kama la Babe lakini bila nguruwe hatalipata lilelile kwenye hizo mbili. Atapata umoja kwenye moja na uaminifu kwenye nyingine, na hayo nayo ni mengi.

Basi uchukue ipi?

Kama watoto wako chini ya miaka sita, au lugha ni kikwazo, au mko kundi kubwa la rika mchanganyiko, chukua Shaun. Kama wana miaka saba hadi kumi na mbili na unataka filamu watakayoikumbuka wakiwa watu wazima, Babe, ukae nao, na uwe tayari kuwatafsiria maneno ya paka na ya bata. Chicken Run ni ya wakubwa kidogo wanaotaka msisimko. Charlotte's Web naiacha kwa wakati maalumu: mtoto aliyepoteza rafiki, aliyehama shule, anayejiona hafai, au anayeanza kuuliza kuhusu kifo.

Tahadhari kuhusu miendelezo. Babe: Pig in the City ya mwaka 1998, iliyoongozwa na George Miller mwenyewe, ina giza kuliko ya kwanza. Imo sehemu ya mbwa anayening'inia darajani kwa mnyororo huku kichwa kikizama majini, na watoto wengi wadogo hawaiwezi. Usiinunue kwa kudhani ni ileile. Chicken Run: Dawn of the Nugget iliyotoka Netflix mwaka 2023 ni salama lakini haina makali ya ile ya kwanza. Mwendelezo wa Shaun, Farmageddon wa mwaka 2019, unaleta kiumbe kutoka anga za mbali na watoto wadogo wanaupenda sawa na wa kwanza, labda zaidi.

Na kwa Charlotte's Web, usiiweke usiku kabla ya kulala. Iweke Jumamosi asubuhi, kazi za nyumbani zikiwa zimekwisha, ili baada ya filamu mbaki na siku nzima ya kujibu maswali.